Nyimbo Zilizogeuka Karatasi

Kwa muda mrefu nilijulikana kijijini kwetu Munje kama mtu wa kompyuta, na sikumbuki hata siku moja niliyomsahihisha mtu. Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo kule Diani. Kompyuta ya pale ina programu moja tu ninayoijua, ile ya kuandikisha wageni wanaoingia na wanaotoka. Ikikwama naizima, nampa mgeni juisi, naiwasha tena. Isipoamka nampigia simu fundi wa Ukunda, naye huja akanisogeza kando pamoja na kiti changu. Ujuzi wangu unaishia hapo. Lakini mtu akirudi kijijini na shati jeupe la kola ngumu, akaketi barazani na kusema kwa uchovu kwamba leo mtambo uligoma, watu humjazia yaliyobaki wenyewe.

Mke wangu hakuwahi kudanganyika. Tulikutana hapo hapo hotelini, yeye akiwa upande wa dobi, na alikwisha kuniona mara nyingi nikiishika ile kompyuta kwa mikono miwili kama mtu anayembembeleza ng'ombe asimpige teke. Kwa hiyo mama yake alipopiga simu kutoka Kikoneni kuuliza kama naweza kuitazama laptopu yake iliyoharibika, mke wangu aliiziba simu kwa kiganja kabla ya kujibu. Mimi nilikuwa karibu, nikamnong'oneza amwambie ni jambo dogo. Akanitazama. Kisha akamwambia mama yake, akilitamka polepole jina langu, kwamba mimi ndiye niliyesema kuwa ni jambo dogo.

Lazima nieleze kwa nini niliharakisha kukubali hivyo. Mama mkwe wangu asili yake ni Ukambani. Yeye na marehemu mumewe walihamia Kikoneni wakiwa vijana, wakapata shamba, wakapanda mahindi na michungwa, wakajenga kanisa pamoja na majirani waliotoka bara kama wao. Mimi ni Mdigo wa pwani, Mwislamu, na mambo ya ndoa yetu yalizungumzwa na wazee wa pande mbili mpaka yakaisha. Mama mkwe hakusema neno baya. Shida ni kwamba hakusema hata zuri. Nikienda kwake alinipikia vizuri, akaniuliza hali ya Munje, kisha akaondoka. Kwa desturi ya kwao, mume wa binti na mama mkwe hawakaribiani. Huheshimiana kwa mbali. Sikuwa na kinyongo na desturi hiyo, ila ilinifanya nisijue kamwe kama ananiheshimu au ananivumilia. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniomba hata nimsogezee ndoo ya maji. Sasa alikuwa ananiomba kitu. Hata kama angeniomba nimtibie ng'ombe aliyevunjika mguu, ningesema ni jambo dogo.

Laptopu yenyewe alipewa na mwanawe mkubwa anayefanya kazi Nairobi. Kijana huyo alimwekea humo nyimbo za kwaya ya kanisa lao, zilizorekodiwa kwa simu wakati wa mazoezi, na pia maneno ya nyimbo hizo yaliyopigwa chapa. Baba mkwe ndiye aliyekuwa mtunzi na mwalimu wa kwaya. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya kumkumbuka, na wanakwaya walitaka kuimba wimbo wake mmoja ambao hawakuwa wameuimba tangu afariki. Sauti za juu walizikumbuka. Besi ilikuwa yake mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwenye uhakika nayo. Wakaifungua laptopu ili wasikilize, na wimbo haukuimba.

"Nyimbo zote zimegeuka karatasi," mama mkwe alimwambia mke wangu kwenye simu.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi kwa pikipiki kutoka Msambweni, mji ulio jirani na Munje. Nilibeba begi langu la kazini ili nionekane nimejiandaa. Ndani yake mlikuwa na chaja ya simu na mswaki.

Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za wazazi wangu na za bahari. Laptopu ilikuwa juu ya meza ya sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama wanavyofunikwa wagonjwa. Alikiondoa kitambaa, akabaki nacho mkononi, akaniwekea kiti mezani. Yeye alikwenda kuketi mlangoni, uso wake nusu umeelekea uani, mahali ambapo desturi haikuvunjika na macho yake hayakuweza kufika kwenye skrini. Nilishukuru kimoyomoyo kwa mpango huo. Mke wangu alikwenda jikoni kwa dada yake.

Nilipofungua niliona alichokisema. Kila wimbo ulikuwa na kijipicha cha daftari dogo. Nikabofya mmoja. Skrini ikajaa herufi zilizovalishwa vikofia, alama za kuuliza zilizopinduliwa, mabano yasiyofungwa, kurasa kwa kurasa, bila hata neno moja la kibinadamu.

"Umeona?" mama mkwe akauliza kutoka mlangoni.

"Nimeona, mama."

"Ni nini?"

Sikujua. Nikamwambia ni virusi kidogo. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayesikia ugonjwa alioutarajia.

Nikajaribu upande wa maneno. Huko nako kila faili lilikuwa daftari. Nikalifungua lile lenye maneno ya wimbo wa baba mkwe, nikakuta takataka zile zile. Hapo nikapata wazo, na hadi leo nikilikumbuka wazo hilo huwa naona haya nikiwa peke yangu. Niliona kwamba uchafu umeingia juu ya maneno, na maneno yenyewe bila shaka yako chini, yametulia. Nikaanza kufuta kutoka juu. Nilifuta kwa bidii, kidole kimekaza, nikishuka mstari baada ya mstari, nikitazamia kufikia ubeti wa kwanza. Nilifika karibu na mwisho bila kukutana na hata amina. Nikafunga. Mtambo ukaleta kidirisha chenye maandishi na vitufe. Sikuyasoma maandishi, nilitazama vitufe, nikabofya kile cha ndiyo. Kazini pia huwa nafanya hivyo. Kidirisha kikitokea mbele ya mgeni, dawa yake ni kukiondoa upesi, na ndiyo hukiondoa upesi kuliko kitufe kingine chochote.

Baada ya hapo nikakumbuka kitu kimoja nilichomwona fundi wa Ukunda akikifanya. Alikuwa akibofya faili kwa upande wa kulia wa kipanya, na orodha inatokea, na ndani ya orodha kuna mahali pa kuchagua faili lifunguliwe kwa programu ipi. Nikafanya hivyo. Ikaja orodha ya programu, na mojawapo ilikuwa na picha ya koni ya rangi ya chungwa, kama zile ambazo polisi huziweka barabarani. Nilimkumbuka shemeji yangu akitazama sinema kwa programu hiyo. Nikaichagua. Chini kulikuwa na kisanduku kidogo kinachouliza jambo fulani, nikakitia tiki ili kisijisikie vibaya, nikabofya ndiyo.

Kufumba na kufumbua, madaftari ya safu nzima yakageuka makoni. Nikafurahi. Nikabofya koni ya kwanza, ikafunguka skrini nyeusi, ikakaa.

"Iimbe basi," mama mkwe akasema.

"Inajitayarisha, mama."

Tulisubiri kwa heshima. Uani kuku alipita. Skrini ilibaki nyeusi. Nilichokuwa nimekifanya, kumbe, ni kubadilisha mafaili ya maneno, siyo ya nyimbo. Nyimbo zilikuwa bado karatasi, na sasa maneno nayo yamekabidhiwa programu ya muziki, na ile programu masikini ilikuwa inajaribu kuimba barua.

Mke wangu akaja na chai. Akainama nyuma ya bega langu, akatazama.

"Sasa haya ni nini?"

"Ni makoni."

"Yalikuwepo tulipofika?"

Nikamwambia hapana. Akaweka kikombe, akarudi jikoni. Nikamsikia akizungumza na dada yake kwa sauti ya chini, kisha kicheko, kisha kifuniko cha sufuria kikafunikwa kwa nguvu kuzuia kicheko kisitoke.

Mama mkwe hakucheka. Aliuliza kama ile mashine inaniandikia kitu. Nikasema inaandika. Akauliza inaandika nini. Nikamwambia ni mambo yake ya ndani, ya kiufundi.

"Soma," akasema.

Nikabofya tena upande wa kulia, kidirisha kikaja, nikasoma maandishi yake kwa Kiingereza, haraka haraka, kama ninavyowasomea wageni masharti ya hoteli.

"Kwa Kiswahili. Mimi siioni, nipo mbali."

Hapo ndipo nilipokamatwa. Kutafsiri kunamlazimisha mtu kuelewa. Nilikisoma kile kidirisha neno kwa neno, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ingawa kazini nilikuwa nimebofya vidirisha kama hicho kwa miaka. Nikamwambia kinasema hivi: faili hili lifunguliwe kwa programu gani kuanzia sasa. Na kwenye kisanduku cha chini kinauliza kama programu hiyo itumike kila mara kwa mafaili ya aina hiyo.

"Kumbe inakuuliza."

"Inaniuliza, mama."

"Na wewe ulikuwa unajibu nini?"

"Nilikuwa najibu ndiyo."

Akageuka akanitazama, jambo ambalo halikuwa desturi. "Mtu akikuuliza utakula nini, unamjibu ndiyo?"

Akageuza uso wake uani tena, na kwa sauti ya upole kidogo akaniambia kwamba hata wao walifanya hivyo hivyo. Juma lililopita mama mmoja wa kwaya alikuwa akitafuta wimbo, mashine ikaleta maneno ya Kiingereza, wakatazamana, wakachagua kilichokuwa juu kabisa na kukubali. Wakajaribu na upande wa maneno, wakakubali tena. Kilichokuwa juu kabisa, nilipotazama, kilikuwa ni ile programu ya daftari, ambayo hufungua chochote unachoipa na kukisoma kama maandishi, hata kikiwa ni sauti ya mtu. Hapakuwa na virusi. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona nisubiri kwanza nimpe na habari njema.

Tukaanza upya. Nikabofya wimbo mmoja, safari hii nikihakikisha ni wimbo, kwa kutazama zile herufi za mwisho wa jina lake baada ya nukta. Nyimbo zote ziliishia kwa herufi za aina moja na maneno yote kwa herufi nyingine, na hizo ndizo zinazouambia mtambo ni programu gani ya kuita. Herufi zile nilikuwa nikiziona kila siku kazini, nikidhani ni mapambo.

Mama mkwe alitaka nimsomee orodha yote. Nikataja programu ya picha. Akauliza inafanya nini, nikamwambia inaonyesha picha, akasema hatuitaki. Nikataja ya daftari, akasema hiyo ndiyo iliyotuharibia. Nikataja ile ya koni, nikamweleza ni ya sauti na video.

"Basi hiyo ndiyo ya nyimbo," akasema. "Na maneno yarudishe kwenye ya kuandikia. Umeiona ya kuandikia?"

Haikuwepo kwenye orodha. Zamani ningechagua nyingine iliyofanana nayo. Sasa nikasoma hadi chini, nikakuta mahali palipoandikwa kwamba kuna programu zaidi, nikabofya, orodha ikarefuka, na ya kuandikia ikawa imo. Nikamsomea kisanduku cha tiki. Akauliza kama tukikosea tutaweza kurudi. Nikamwambia tutaweza, kwa njia hii hii. Akaruhusu. Nyimbo zikawa makoni na maneno yakawa kurasa za rangi ya samawati, kila kitu kwa mwenyewe.

Nikafungua maneno ya nyimbo kadhaa, yote yakafunguka safi, beti kwa beti. Nikafika kwenye wimbo wa baba mkwe. Kikaja kidirisha. Nilikitazama kwa muda, na mkono wangu wenyewe ulikuwa umekwisha kuanza safari ya kwenda kwenye ndiyo.

"Kimesema nini?" akauliza.

Nikasoma. Faili hili limeharibika, haliwezi kufunguliwa.

"Nani ameliharibu?"

"Ni mimi, mama. Nililisafisha."

"Ulilisafisha."

"Ndiyo," nikasema, na hiyo ndiyo ndiyo pekee ya siku ile iliyokuwa mahali pake.

Jikoni kulikuwa kimya kabisa, nikajua wanasikiliza. Mama mkwe alikunja kitambaa cha kufuma mapajani mwake, akakikunjua. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikwisha kupanga hata namna ya kuaga. Badala yake akaniambia niache maneno, niweke wimbo.

Nikabofya koni.

Kwanza alisikika jogoo, halafu viti vikivutwa, mtu akikohoa, mwanamke akicheka mbali. Kisha sauti ya baba mkwe ikahesabu, moja, mbili, na kabla ya kufika tatu besi yake ikaingia, pana na yenye mikwaruzo, na kwaya ikamkimbilia nyuma. Nilikuwa nimemfahamu mzee yule kwa muda mfupi tu, akiwa tayari mgonjwa na akisema kwa sauti ya chini. Sikujua kwamba alikuwa na sauti kama ile ndani yake.

Mama mkwe alikuwa amesimama. Alikuja hadi kwenye kona ya meza, akaushika ubao wa meza kwa vidole, karibu nami kuliko alivyowahi kuwa. Hakuwa ananitazama, alikuwa anaitazama ile koni.

"Anaingia mapema," akasema. "Kila mara. Nilimwambia miaka yote, hesabu mpaka mwisho, hakusikia."

Nikamwambia kwamba hata hivyo alikuwa anaingia vizuri.

"Vizuri, ndiyo. Lakini mapema."

Akasimama pale mpaka ubeti wa pili ukaisha. Kisha mvua ikasikika ikianza kupiga mabati ndani ya rekodi ile, kubwa, sauti zikamezwa, na mtu akaizima simu yake. Wimbo ulikuwa na ubeti wa tatu. Ubeti huo ulikuwa umeandikwa mahali pamoja tu, kwenye lile faili nililolisafisha. Mama mkwe akarudi kwenye kiti chake mlangoni, bila haraka, na mke wangu akatoka jikoni akiwa amefuta macho kwa ncha ya leso, akaniuliza kwa ishara kama mambo ndiyo yameisha. Nikamwambia yameisha kidogo.

Wanakwaya walikuja mchana. Walijaa sebuleni, wengine wakasimama dirishani, na mimi nikapewa cheo cha kubaki mezani nikisimamisha wimbo na kuurudisha nyuma wanapotaka. Ilikuwa ni kazi niliyoiweza. Wanaume wawili waliosimamia besi waliusikiliza mara nyingi, wakabishana kama waingie mapema kama mzee au wasubiri hesabu, na mama mkwe akatoa uamuzi kwamba wasubiri, maana wao siyo yeye. Walipouliza habari ya ubeti wa tatu, akawaambia umepotea ndani ya mashine. Hakuongeza neno. Nilitazama kibodi. Mke wangu, ambaye angeweza kunisaidia kwa kunyamaza, akawaambia kwamba mashine ilisaidiwa.

Basi wakaanza kuukumbuka wenyewe. Wa sauti ya kwanza walisema ubeti ule unazungumza juu ya kuvuka mto. Wa sauti ya pili wakasema hapana, ni kupanda mlima, na mto uko katika wimbo mwingine. Kila upande uliuimba wa kwake, na beti zote mbili zilikaa vizuri kwenye sauti. Walikubaliana kuimba mto. Angalau nilidhani walikubaliana.

Jumapili niliketi nyuma kabisa kanisani, kwa adabu ya mgeni, kofia yangu mapajani. Beti mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno. Niliwaona watu wazima wakiinamisha vichwa. Ulipofika wa tatu, nusu ya kwaya ilivuka mto na nusu ikapanda mlima, kwa sauti kubwa, hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Wakati wanaendelea, niliwaona wanakwaya kadhaa wakigeuza macho, mmoja baada ya mwingine, kunitafuta kule nyuma.

Baada ya ibada kulikuwa na chakula uani kwa mama mkwe. Mbuzi alikuwa amechinjwa na jirani Mwislamu, kama wanavyofanya kule wakiwa na wageni mchanganyiko, na mimi nikala bila wasiwasi, ila sikula kwa amani. Kwanza walinijia watu wa mto, wakauliza kama laptopu haiwezi kutafuta ndani yake ikasema wao ndio wenye haki. Sahani haijaisha, wakaja watu wa mlima na swali lile lile. Niliwaeleza kwa unyenyekevu ambao haukuwa wangu kwamba mimi si mtu wa kompyuta, ni mtu wa mapokezi. Hakuna aliyeamini. Walidhani najificha.

Mama mkwe alikuwa anapita na jagi la maji ya kunawa. Akasimama, akamnawisha mzee mmoja wa upande wa mlima, akawaambia wote wamwache mkwe wake ale.

"Imbeni mnavyojua," akasema. "Mwenyewe alikuwa anaubadilisha kila Jumapili."